Msamba wa Sponji

4 Machi

Muhula umefunguliwa. Chuo kimetugawia madaftari mapya ya maandalio ya somo, moja kwa kila mwalimu, nami langu nimeligeuza. Mbele nitaandika masomo, nyuma nitaandika mengine. Mengine yenyewe sijui ni yapi. Tangu baba watoto afariki mwaka jana, nimekuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, kisha daktari akaenda kunywa chai akamsahau mezani. Siumwi. Sifurahi. Nakula, nalala, nafundisha wakunga.

Mvua imeanza leo asubuhi.

5 Machi

Mvua.

7 Machi

Somo la kwanza la mwaka wa pili: msamba. Nimelifundisha miaka ishirini na miwili na kila mwaka huanza kwa kicheko. Safari hii kuna msichana tunamwita Kasuku, maana mdomo wake haulali. Amesema yeye alidhani msamba ni ule wanaopiga wacheza sarakasi. Darasa likaangua kicheko. Nikangoja wamalize, kisha nikachora almasi ubaoni.

Ncha ya juu, mfupa wa kinena. Ncha ya chini, kifandugu, kile kimfupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Pembeni, mifupa miwili ya kukalia. Huwa nawaambia wakalie viganja vyao waitafute, na hapo kicheko hukoma kwa sababu kila mtu anashughulika na mifupa yake. Halafu napiga mstari kutoka mfupa wa kukalia mmoja hadi mwenzake, almasi inakuwa pembetatu mbili. Ya mbele ina njia ya mkojo na uke. Ya nyuma ina njia ya haja kubwa na msuli wa duara unaoifunga. Katikati, pale pembetatu zinapokutana, kuna fundo dogo la nyama, si kubwa kuliko ncha ya kidole gumba, na misuli mingi ya pale chini imejishikiza hapo. Mtu anaweza kuishi miaka themanini asijue kama analo.

Kasuku akauliza, "Sasa Mwalimu, mama akichanika tutajuaje imefika wapi?"

"Kwa kidole," nikamwambia. "Kabla hujaanza kushona, unaingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa, unaubana msuli kati ya kidole hicho na kidole gumba, unamwambia mama akaze. Ukimaliza kushona unaingiza tena. Msuli wa duara ukikatika, ncha zake zinarudi ndani, kila moja upande wake, kama kamba ya suruali iliyopotelea kwenye pindo. Kwa macho huoni kitu. Utashona ngozi, itapendeza, na huku chini mlango umeuacha wazi."

"Na kama mama anaona haya?"

"Mweleze, mwombe ruhusa. Haya ni ya dakika moja. Msuli uliokatika anakwenda nao nyumbani."

Wote wakainama kuandika. Kila mwaka huandika hapo.

10 Machi

Nyumbani tuko watatu. Mwanangu ni fundi umeme. Mkwe wangu, mkewe, ni fundi cherehani, na mimba yake imetimia. Walihamia kwangu baada ya msiba ili nisikae peke yangu.

Mkwe ni mtu wa maneno machache na majivuno mengi. Hapendi kuombwa kitu mara mbili, na hapendi kusaidiwa hata mara moja. Mimi humwita "mwanangu", yeye huniita "Mama", tukishasema hayo tumemaliza. Lakini kazi yake siwezi kuisema vibaya. Mwaka jana alinishonea misamba ishirini ya kufundishia: sponji ya godoro, kitambaa chekundu kwa misuli, cha waridi kwa ngozi, na lastiki nene ya kiunoni imezungushwa upande wa nyuma, huo ndio msuli wa duara. Alishona sawasawa na mchoro wangu, akaniletea kwenye mfuko, hakuuliza hata swali moja.

14 Machi

Mjukuu amezaliwa saa tano asubuhi. Msichana, kilo tatu na gramu mia tisa.

Mkunga wa zamu alikuwa na mama mwingine anayevuja damu chumba cha pili, nami nilikuwa wodini na wanafunzi, basi nikavaa glavu. Sikutaka. Mkwe naye hakutaka. Alipoona ni mimi ninayekaa miguuni pake aligeuza uso ukutani, hakuurudisha tena. Hakupiga kelele hata kidogo. Mtoto alitoka na mkono shavuni, akamchana mama yake.

Wanafunzi niliwatoa nje. Nilichoma ganzi, nikashona. Daraja la pili, yaani ngozi na misuli ya juu, si zaidi. Ndivyo nilivyoandika kwenye faili. Mshono umekaa vizuri. Nikamfunika shuka upesi, maana mkwe ni mkwe.

Mjukuu, mke mwenzangu huyu, ana pua ya babu yake. Nilimshika nikangoja nisikie furaha. Sikusikia kitu. Nikamrudishia mama yake.

17 Machi

Wamerudi nyumbani. Mvua.

18 Machi

Mvua.

24 Machi

Mkwe anaoga mara nne kwa siku. Nimehesabu kwa sababu mimi ndiye ninayejaza pipa. Nilipomwambia maji si bahari, akasema, "Samahani, Mama," akaingia kuoga.

29 Machi

Mwanangu analalamika kwamba mkewe hakai nao mezani. Anapakua, anaweka, anakula amesimama jikoni akiwa ameegemea ukuta. "Mama, ana nini? Nimemkosea?" Nikamwambia mwanamke aliyejifungua ana mambo yake. Hilo ndilo jibu tunalowapa waume wote, na wote hulikubali kwa kuwa hawataki la pili.

3 Aprili

Majirani wamekuja kumwona mtoto. Jirani wa ukuta wa pili ni mchekeshaji, akasimulia jinsi mumewe alivyombeba mtoto wao wa kwanza kichwa chini akidhani ndiyo juu. Tukacheka wote, hata mimi nilitoa sauti ya kucheka. Mkwe alicheka kidogo tu, akakata kicheko katikati, akainuka na kutoka karibu mbio. Hakurudi. Majirani wakatazamana. Nimeona aibu mbele za watu ndani ya nyumba yangu. Binti huyu anajiona nani?

8 Aprili

Sasa anajimwagia manukato tangu asubuhi. Chumba chao kinanukia kama duka. Mvua hii, madirisha yamefungwa, mtu unapaliwa.

12 Aprili

Leo nimekaa na kalamu muda mrefu.

Nilirudi mapema kutoka chuoni kwa sababu barabara ilijaa maji. Ukumbi mzima ulikuwa umetandazwa kamba za nguo, maana nje hakuna kinachokauka. Nikaanza kuzikusanya zile kavu. Nepi za mtoto ni nyeupe, nazijua, mimi ndiye niliyezikata. Lakini kulikuwa na vitambaa vingine vya rangi nyeusi, vipana, vimekunjwa mara tatu na kushonwa kingo kwa cherehani, vizuri sana. Nilihesabu kumi na tisa. Bafuni kulikuwa na beseni limefunikwa kwa sinia. Nikalifunua.

Miaka ishirini na miwili wodini, sihitaji kuambiwa. Haikuwa damu. Haikuwa ya mtoto.

Nilipogeuka mkwe alikuwa mlangoni, mtoto begani. Tukatazamana. Alikuwa ameuma mdomo wa chini. Nikarudisha sinia juu ya beseni, nikasema, "Mvua hii, nguo hazikauki kabisa." Akasema, "Kabisa, Mama." Nikampita. Nimejifanya hamnazo, mimi mwalimu wa wakunga.

Sasa nakumbuka siku ile ya kuzaa hatua kwa hatua, kama ninavyowakumbusha wanafunzi. Kunawa mikono. Glavu. Kondo limetoka lote. Taa. Nikatazama mchaniko. Na hapo nilipotakiwa kuingiza kidole, niliona mguu wa mkwe wangu unatetemeka, na uso wake ukutani, nikajiambia: huyu ni mke wa mwanangu, tutakula meza moja maisha yetu yote, nitamtazamaje? Nikaona ngozi na misuli ya juu, nikasema daraja la pili, nikashona. Mara ya kwanza sikuingiza kidole. Mara ya pili sikuingiza kidole. Mshono ulipendeza.

Majivuno, nimemwita. Mwanamke anayekula amesimama kwa sababu akikaa akainuka hajui nini kitatoka. Anayekimbia kicheko chake mwenyewe.

Nitazungumza naye kesho.

13 Aprili

Mvua. Sijasema.

14 Aprili

Sijasema.

15 Aprili

Mwanangu alikuwepo. Sijasema.

19 Aprili

Leo tulikuwa peke yetu jikoni, yeye anapasha maji, mimi namenya vitunguu. Nikasema, "Mwanangu." Akasema, "Bee, Mama." Nikamwambia chumvi imekaribia kwisha.

20 Aprili

Kazi ya vitendo darasani. Misamba ya mwaka jana imechoka, sponji imemeguka, lastiki zimelegea. Kasuku ameshona vizuri kuliko wote. Akaniita nikague. "Umeingiza kidole?" nikamuuliza. "Mara mbili, Mwalimu." Nikamwekea alama ya vema. Mkono wangu haukutetemeka. Hilo ndilo linalonishangaza, kwamba haukutetemeka.

26 Aprili

Mvua. Vitambaa ishirini na vitatu.

2 Mei

Mwanangu amekuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Mkewe amesema anataka kurudi kwao na mtoto.

"Hataki kuniambia kwa nini. Nikimsogelea ananisukuma. Mama, wewe ni mwanamke na ni mkunga. Zungumza naye. Mimi naona ni kiburi tu, au hanitaki tena."

Ilikuwa nafasi yangu, imeletwa mpaka kitandani. Nikasema, "Mpe muda."

"Muda gani sasa? Amekwishakunja nguo zake."

"Mwambie mimi nimemwomba abaki mpaka mvua ikatike, mtoto asilowe njiani."

Akatoka amekunja uso. Nimempa hali ya hewa badala ya ukweli. Nimejaribu kujichukia na hata hilo limekuja kwa mbali, kama redio ya jirani.

3 Mei

Amekubali kubaki mpaka mvua ikatike. Mvua.

10 Mei

Wodini. Mama mmoja, simjui, muuza mboga, amezaa mtoto mkubwa. Nikamweleza, nikamwomba ruhusa, nikaingiza kidole, nikamwambia akaze. Upande mmoja ulikaza, upande wa pili kimya. Daraja la tatu, msuli wa duara umekatika. Nikamwita daktari, ikashonwa saa hiyohiyo na mtu anayejua. Dakika moja. Yule mama hata haya hakuona, alikuwa anaongea na mtoto wake.

Kumbe kwa mtu baki naweza.

11 Mei

Mvua.

18 Mei

Mkuu wa chuo ameuliza vifaa vya mtihani. Kwa mazoea, bila kufikiri, nimefika nyumbani nikamwambia mkwe nahitaji misamba kumi na miwili mipya. Neno lilipotoka ndipo nikashtuka nilichokisema na niliyemwambia. Yeye alinyoosha mkono tu. "Nipe mchoro, Mama. Ule wa zamani umepotea."

Nikamchorea kwenye karatasi. Almasi, pembetatu mbili, fundo la katikati, duara la nyuma. Akaitazama karatasi kwa muda. Mara hii aliuliza.

"Hili duara ni la nini?"

"Ni msuli. Unafunga njia ya haja kubwa."

"Unafunga kwa kupenda au wenyewe?"

"Iko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa ndani unafunga wenyewe, huna habari nao. Wa nje unaufunga wewe, ukitaka."

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Mimi nikaenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

22 Mei

Cherehani inasikika mchana kutwa. Anashona amekaa upande, tako moja kitini, moja nje.

31 Mei

Ameniletea mfuko. Mwanangu yuko kazini, mtoto amelala. Akaupindua mezani, misamba kumi na mmoja, ameipanga mistari. Wa kumi na mbili aliushika mkononi.

"Hiyo kumi na mmoja ni ya darasani, Mama. Huu ni wangu."

Nikaupokea. Kwa nje ulikuwa kama mingine, ngozi ya waridi imeshonwa kwa uzi mwembamba, mshono mzuri, ningeweza kusema ni wa kwangu. Nikaminya upande wa nyuma kwa kidole na kidole gumba. Hapakuwa na kitu. Lastiki ilikuwa imekatwa, ncha zimerudi ndani ya sponji, moja kushoto, moja kulia.

"Nilipokuwa napitisha lastiki," akasema, "nikajiuliza, hii ikikatika inakuwaje? Nikaikata moja nione. Ikaruka ikaingia ndani. Nikashona juu yake, huwezi kujua. Basi nikajua." Alikuwa anaongea akitazama meza. "Sijui mnaitaje. Lakini upepo unatoka bila kuniuliza. Haja ikija, ninayo hesabu ya mpaka kumi, choo kiko hatua kumi na nne. Nikicheka. Nikimwinua mtoto. Mume wangu anadhani simtaki. Nilidhani ndivyo wanawake wote wanavyokuwa wakizaa, na wengine wanajua tu kujizuia, mimi ndiye mchafu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikapiga moyo konde.

"Wewe si mchafu. Ulikatika siku ile, na mimi sikuona. Kuna kipimo kinafanywa kwa kidole, kabla ya kushona na baada. Nafundisha watu kila mwaka. Kwako sikukifanya."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mkwe wangu. Niliona haya."

Akainua macho. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu ninayekaa naye nyumba moja.

"Mimi ndiye niliyekuwa uchi, Mama. Haya ukaona wewe?"

Mtoto akageuka kitandani, tukamsikia, akatulia.

"Inashoneka?" akauliza. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza mwenye nguo.

"Inashoneka. Si na mimi. Kuna daktari bingwa hospitalini."

"Basi," akasema. "Mtu hukosea. Mimi mwenyewe nimewahi kumkatia mteja suruali mguu mmoja mfupi."

Nikaona ananisogezea kiti nikae, yeye akiwa amesimama. Na hapo, badala ya kunyamaza, nikasema, "Nimejua leo, mwanangu. Kwa kuuona huu."

Sijui kwa nini nilisema. Ulimi uliteleza kuelekea pale palipo laini. Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumchukua mtoto.

3 Juni

Tumekwenda kwa daktari bingwa, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alimpima kwa dakika tano. Akaniita pembeni.

"Faili inasema daraja la pili. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Ulipima?"

"Sikupima."

Akanipa kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu ili yaendelee kusomeka, nikaandika chini yake: daraja la tatu, haikugunduliwa, kipimo hakikufanyika. Nikaweka sahihi na tarehe ya leo. Atafanyiwa upasuaji ikitimia miezi mitatu, kovu likishalainika.

4 Juni

Mkwe amemwambia mumewe mwenyewe, wamefunga mlango. Nilisikia mwanangu analia, kisha nikasikia wote wawili. Mwanangu alipotoka alinipita ukumbini. "Wewe, Mama?" akasema. "Wewe?"

5 Juni

Haongei nami.

6 Juni

Haongei nami. Mvua imepungua.

11 Juni

Nimewaambia darasa. Nilichora almasi, nikaeleza kisa cha mkunga aliyemhudumia mtu wa familia yake akaruka kipimo kwa sababu ya haya. Kasuku akaguna, "Huyo mkunga naye! Afukuzwe." Nikamwambia, "Ni mimi." Hakuna aliyecheka. Msimamizi wa wodi ameshapeleka taarifa, na kamati itanihoji mwezi ujao. Nimesimamishwa kuzalisha mpaka hapo. Kufundisha bado nafundisha, kwa kuwa hakuna mwingine.

Baada ya kipindi Kasuku alinifuata ofisini na daftari lake. Akaomba radhi. Nikamwambia asiombe, alikuwa sahihi.

15 Juni

Jua saa mbili nzima. Vitambaa vyote vimekauka.

24 Juni

Upasuaji. Saa moja na dakika ishirini. Daktari amesema ncha zote mbili zilipatikana, moja ilikuwa imejificha mbali. Zimepishanishwa na kushonwa pamoja. Mwanangu alikaa benchi moja nami, kati yetu kulikuwa na begi la mtoto. Ilipofika saa sita alininunulia chai. Alikumbuka kwamba sitii sukari.

30 Juni

Nafua mimi. Mkwe amekataa mara ya kwanza, mara ya pili akaniachia beseni.

9 Julai

Kamati imenihoji. Nitazalisha chini ya uangalizi kwa mwaka mzima, mimi na nywele zangu nyeupe. Ni haki.

16 Julai

Mkwe amekula mezani. Amekaa kitini, makalio yote mawili. Tulikuwa kama watu wanaopita karibu na ndege asiruke. Mwanangu akaomba chai ya pili bila kuitaka.

27 Julai

Jirani wa ukuta wa pili amekuja na visa vyake. Mkwe amecheka mpaka machozi, ameshika meza, akangoja kidogo na uso wa mtu anayesikiliza. Kisha akacheka tena.

2 Agosti

Daktari amempima leo. Msuli unakaza pande zote. Amesema hautakuwa kama wa mwanzo kabisa, na akizaa tena atazaa kwa upasuaji, lakini mlango umefungwa. Tulitoka hospitalini jua kali. Mkwe alitembea mbele yangu na mtoto mgongoni, anatembea upesi, nikabaki nyuma nahema.

Tulipofika nyumbani akaniambia nikae. Akaingia chumbani akatoka na gauni amelikunja kwenye karatasi. La bluu, mikono mirefu, ameweka na mfuko wa ndani wa kalamu, kwa kuwa ameona kalamu zangu zinatoboa mifuko. Tangu msiba sijavaa rangi. Akalifungua mbele yangu, akalipima mabegani kwangu kwa mikono yake. Ni mara ya kwanza amenigusa bila sababu.

"Nimelishona kwa kuwa ulisema kweli, Mama," akasema. "Nimeuliza wenzangu pale wodini. Kuna mmoja amekaa hivyo miaka sita, na aliyemshona anajua, na kila wakikutana sokoni anamsalimu. Wewe siku ileile uliyojua, uliniambia. Wengine wangenyamaza."

Nilikuwa nimeshika gauni. Ningeweza kusema asante. Lilikuwa neno fupi na lilikuwa karibu. Lakini kifua kiliniuma, kiliniuma kwelikweli, nikalazimika kuweka gauni mezani.

"Si siku ileile," nikasema. "Nilijua tangu tarehe kumi na mbili Aprili. Nilipofunua beseni."

Hakuelewa mara moja. Kisha nikamwona anahesabu kwa kidole gumba, anagusa vidole vingine kimoja kimoja, kama anavyohesabu pima za kitambaa.

"Wiki saba," akasema.

"Ndiyo."

"Wiki saba nafua kwa kujificha, nasubiri utoke. Siku ile ya beseni, uliposema habari ya mvua, nilidhani hukutambua. Nilidhani ni mimi ninayekuficha wewe."

Nikasema jina lake, ambalo silitaji kamwe. Alilikunja gauni upya, akalisawazisha mikunjo, akaliacha mezani mbele yangu. Akamchukua mtoto, akaingia chumbani kwao. Mlango aliufunga taratibu. Bora angeubamiza.